Mama Mkwe Atalala Wapi

Mama mkwe wangu alishuka mjini kwetu Ulaanbaatar, Mongolia, na magunia manne, na hakuna hata moja lililokuwa na nguo. Mawili yalijaa nyama ya kondoo, moja jibini kavu ya kuvunja meno, na la mwisho maziwa. Kwao Dundgovi, mkoa wa nyika kusini, maziwa ya msimu wa baridi hugandishwa kwenye bakuli, hubanduliwa yakiwa magumu kama sahani, kisha hupangwa guniani. Lifti yetu ilikuwa mbovu. Nilibeba yote manne mgongoni hadi ghorofa ya nane, yeye akinifuata huku anapapasa ukuta na kuniambia nisiyagongeshe.

Anaitwa Handsuren. Alifiwa na mume akiwa bado kijana, akalea watoto wake wawili, Selenge ambaye ni mke wangu, na kaka yake Choijil, kwa mbuzi na ngamia wachache. Macho yalipoanza kumpotea hakumwambia mtu. Alifunga kamba kutoka mlango wa hema hadi zizini, nyingine hadi kisimani, akaendelea kufuga kwa kushika kamba. Tuligundua kwa sababu Choijil alikwenda kumsalimia akajikwaa kwenye kamba.

Mimi na yeye hatukuwa na ugomvi, ila hatukuwa na mazungumzo pia. Tangu nimuoe binti yake, maneno aliyoniambia yangeenea kwenye kiberiti na njiti zikabaki na nafasi. Nilijua hanipendi. Mimi ni dereva wa lori dogo, napeleka unga wa ngano mikoa ya kusini, na yeye alitaka daktari wa mifugo.

Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa. La kulia lilikuwa linakwenda, na daktari wa macho hakuzunguka maneno.

"Atiwe dawa ya matone hapa mjini mwezi mzima, mpaka jicho litulie, halafu tumpasue," alisema. "Asikae penye moshi. Akirudi nyikani kabla ya hapo, msihangaike kumleta tena. Hakutakuwa na kitu cha kuokoa."

Selenge alilia pale pale ukumbini. Mama yake alikuwa anauliza kama ile dawa ya matone inaganda.

Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa moja tu: kumpatia mahali pa kutulia. Asiyemjua Handsuren ataiona rahisi.

Mwanzoni alikaa kwetu. Nyumba yetu, kama zote za ghorofa, inapashwa moto na mabomba ya mji, na moto huo huwezi kuupunguza. Nje baridi inakata masikio, ndani sisi tunatembea na fulana. Yeye alikaa dirishani na joho lake zito, jasho linamtiririka, na akiambiwa avue anasema hajaja kuoga. Nikavumilia. Nilichoshindwa kuelewa ni yale maziwa. Kila nikirudi safari, gunia limepungua. Chai ya maziwa na chumvi tunakunywa, ndiyo, lakini hatuna ukoo mzima humo ndani. Nilimuuliza Selenge, akaniambia nisihesabu maziwa ya mama yake. Nikakasirika moyoni.

Ndipo akaja Tserenpil.

Tserenpil ni mwenyekiti wa jengo letu, mstaafu, mtu ambaye hana kazi nyingine isipokuwa kusimama dirishani kwake na kuona nani amemwaga nini. Alipanda ghorofa zote nane akihema, kofia ya manyoya kichwani, akasimama mlangoni.

"Damba, njoo uone gari langu."

"Limefanya nini?"

"Limepakwa maziwa. Kioo kizima, yameganda. Nimekwangua mpaka kadi yangu ya benki imevunjika. Na si leo tu, ni karibu kila siku. Yanatoka kwenye dirisha lako."

Niligeuka. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale dirishani, ana kijiko kikubwa cha mbao mapajani, ametulia kama hayupo.

Mila naijua. Asubuhi chai ya kwanza inarushiwa mbingu kabla mtu hajanywa, mama yangu alifanya hivyo, bibi yangu alifanya hivyo. Lakini wao waliirusha nje ya hema kwenye nyika tupu, si kutoka ghorofa ya nane juu ya gari jeusi la mwenyekiti. Niliomba radhi hadi kiuno kikauma. Tserenpil akasema maneno mengi, moja likiwa kwamba watu wa nyikani wakae nyikani, akashuka.

Mama mkwe alisikia, maana macho ndiyo mabovu, masikio yake yanasikia panya akiwaza. Alianza kufunga virago.

"Sitamwaibisha binti yangu kwa majirani," alisema. "Nitafutieni pengine. Mkikosa, narudi kwangu."

"Mama, ukirudi jicho linakwenda," Selenge alimwambia.

"Limenitumikia vya kutosha."

Basi siku ya mapumziko nikamweka kwenye lori, nikamfunika mablanketi, tukazunguka mji kutafuta mahali pa mtu mmoja mfupi kulala. Selenge alikaa katikati yetu kwa ajili ya amani.

Tulianza kwa Choijil, kule mlimani kwenye nyumba za mbao. Choijil alitupokea na supu, akawafukuza watoto kitandani, akampigapiga mama yake mabega kwa furaha. Nyumba nzuri, lakini jiko la makaa liko katikati ya chumba, na nje moshi wa mtaa mzima umelala huwezi kumwona mbwa wa jirani. Nilikuwa naomba moyoni akatae, na wakati huohuo nasali akubali ili nikapumzike.

Yeye aliketi, akasikiliza nje, kisha akanigeukia mimi.

"Damba, hapa unapita ukienda kazini?"

Nikajua nimekwisha. Nikamwona keshapanga asubuhi zangu: Damba leta maji, Damba leta kuni, Damba nipeleke hospitali.

"Huku mlimani nipite kufanya nini, mama? Barabara yangu ni ya kusini."

"Haya. Hapa hapana."

Choijil alinuna. Akaniuliza nimemwambia nini mama yake. Nikamwambia amuulize mwenyewe.

Tukashuka hospitali. Nyuma yake kuna nyumba ya wageni ambako wagonjwa wa mikoani hufikia: vitanda vitatu chumbani, shuka safi, jiko la umeme la pamoja, bibi mmoja kutoka kaskazini tayari amekaa kwenye kimojawapo anafuma soksi. Hatua chache uko kwa daktari, na moshi haupo. Hata nikiulizwa mimi nilale wapi ningechagua pale. Mama mkwe alibonyeza godoro, akanusa ukuta, akashika bomba la moto. Yule bibi akamkaribisha chai, wakaulizana habari za mifugo na majani. Nikaanza kutabasamu.

"Damba, hapa je? Unapita?"

"Sipiti, mama. Lakini hospitali si hiyo hapo? Unataka nipite nikufanyie nini?"

"Sikutaka ufanye kitu. Nimeuliza tu."

Akasimama, akaaga, akatafuta mlango kwa mkono.

Hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma. Selenge alinikonyeza nitulie. Tukaenda kwa binamu yake, kwenye majengo mapya kando ya mto, ambako sakafu yenyewe inatoa joto na mbwa wa ndani anavalishwa sweta. Binamu akatuonyesha chumba cha peke yake, na bafu, na dirisha pana. Akasema mama akae mpaka majani yaote, ni heshima kwake. Nani mwingine katika mji huu amepewa chumba kama kile bure? Mama mkwe alivua buti, akasimama juu ya sakafu ya moto, akahamisha miguu kama anayekanyaga majivu.

"Na hapa, Damba?"

Nililipuka. Kwetu mkwe hampandishii sauti mama wa mke wake. Nilipandisha.

"Mama, mimi si basi la mji. Hapa sipiti, kule sikupita, na popote utakapochagua sitapita. Nina unga wa kupeleka. Chagua unapotaka kulala wewe, si ninapopita mimi."

Binamu akamchukua mbwa akatoka naye. Selenge akaangalia chini. Mama mkwe alivaa buti zake polepole, moja, halafu la pili.

"Amesema kweli," alisema. "Ninawasumbua. Kesho magari ya kwetu yanaondoka sokoni. Nitafutieni nafasi."

Tulirudi nyumbani. Selenge alilia upande wa mama yake, ule upande wangu haukupata hata chozi. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu, maana kama angeondoka kesho yake, jicho lile lingekwenda na jina langu juu yake.

Uani tulimkuta Tserenpil, amefunika gari lake turubai, analifunga kamba kama farasi mwizi. Hapo mlangoni alikuwapo pia Yadam, mwanamke anayefagia jengo letu na kukaa katika kile chumba cha chini kinachotazama uani. Nilimwambia Tserenpil afungue turubai lake, mama anaondoka.

"Mimi sikusema aondoke. Nilisema asimwage," Tserenpil alijibu. "Na leo ningekuwa sina hata haja ya turubai. Siku ya mapumziko hamwagi."

"Hamwagi vipi?"

"Hamwagi. Nimemwangalia. Ile wiki uliyolala safarini pia hakumwaga hata tone, nikadhani amekoma. Ukarudi, kesho yake ukawasha hilo lori lako la kelele, dirisha likafunguka. Ukikata kona, mimi huku nimeshaoga maziwa. Niambie ukweli, Damba, mna mchezo gani na gari langu?"

Nilisimama pale na ufunguo mkononi. Chai ya asubuhi hurushwa kila siku, awepo mtu asiwepo. Maziwa matupu hurushwa nyuma ya msafiri, na anayerusha ni mama yake, ili njia yake iwe nyeupe na arudi. Mama yangu alipokufa niliacha kutazama nyuma nikiondoka, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Nilimgeukia mama mkwe. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Unanirushia mimi?"

"Barabara ya kusini ina barafu," alisema. "Selenge aliniambia mwaka jana ulipinduka."

"Kwa nini hukusema?"

"Mambo ya njia hayatangazwi kwa anayesafiri. Na ukijua unarushiwa na mtu asiyekuona, utakaa unawaza njia nzima. Mimi nilihitaji tu mahali ninapolisikia lori. Wewe ukasema hupiti."

"Mama, ungeniambia sababu ningepita hata juu ya paa la Choijil."

"Ndiyo maana sikukwambia. Ungeunguza mafuta."

Nawaambia, mtu huyu anaweza kumtoa mtu roho. Nusu ya mji tumeizunguka, mashemeji wamenuna, mbwa amekimbia, na jicho limebaki siku moja lipotee, kwa sababu ya neno ambalo lingesemwa kabla ya kifungua kinywa. Nilitaka kumfokea tena na nilitaka kumshika mkono. Nikashika gunia lake.

Aliyemaliza kesi ni Yadam. Alisimamisha ufagio.

"Chumba changu kina vitanda viwili tangu dada yangu aolewe," alisema. "Dirisha liko hapa hapa uani. Ngazi hakuna. Moshi hakuna. Mama akae kwangu, arushe akiwa amesimama chini kama binadamu."

"Mama yangu alale kwa mfagizi na mimi nipo juu?" Selenge alisema. "Watu watatuonaje?"

"Lori linalala wapi?" mama yake aliuliza.

"Hapo mbele ya dirisha," Yadam akamjibu.

"Basi nimefika."

Kuanzia hapo, kila nilipoondoka, mlango wa chini ulifunguka na nikasikia maziwa yakipiga bodi nyuma yangu. Tserenpil alihamisha gari kwa hiari yake. Matone yalitiwa, jicho likatulia, likapasuliwa, likafungwa bandeji, na asubuhi iliyofuata nikakataa kuondoka kabla hajarusha. Mteja anapiga simu, injini inachoma mafuta, mimi nimesimama mbele ya lori nakunja blanketi la kufunikia injini isigande, ambalo nimeshalikunja. Yadam akamtoa nje kwa kumshika kiwiko. Alisikiliza, akainua kijiko, akarusha kwenye mlio. Yote yaliniishia kifuani na koti likaganda hapo hapo likawa ubao.

"Ameondoka?" alimuuliza Yadam.

"Bado, mama," nikasema.

"Sasa unangoja nini? Nimesharusha."

Nilisafiri hadi Mandalgovi, kule kusini, nanuka maziwa.

Bandeji ilipotolewa sikuwepo. Nilimwona siku iliyofuata, amesimama uani bila kushikwa na mtu, kijiko mkononi, jicho jekundu limefunguka limenielekea. Alinitazama muda mrefu. Nilipomuoa binti yake alikuwa tayari anaona vivuli tu, na mimi sikuwahi kulifikiria hilo.

"Kumbe una mvi," alisema.

"Nimezipata mwezi huu, mama."

"Haya, nenda."

Nikaingia, nikaondoka. Nilipofika kwenye kona nilitazama kioo. Maziwa yalikuwa yameshatua mahali pake, kwenye gurudumu la nyuma, na yeye alikuwa bado amesimama baridini ananitazama mpaka nipotee. Nikapunguza mwendo, nikaikata ile kona taratibu kuliko siku zote, Tserenpil akinipigia honi nyuma nimpishe.