Mashine Iliyoniandika Kichaa

Mjukuu wangu ni daktari. Hilo nilikuwa nalisema kila mahali, msibani, bombani, hata kwa mtu aliyeniuliza njia. Mtu anauliza kwa mwenyekiti ni wapi, namwambia pita kushoto kwenye mashine ya kusaga, na mjukuu wangu ni daktari. Nilimlea mimi tangu anatambaa, wakati mama yake, binti yangu, akiyatafuta maisha mjini na maisha yakimkimbia. Nilimsomesha kwa korosho za shamba langu la Mpapura. Alipofungua zahanati yake Mtawanya, vyumba vinne na veranda, nilikaa kwenye benchi la wagonjwa siku nzima bila kuumwa chochote, ili watu waulize mimi ni nani.

Nilikuwa namwita mume wangu. Ndivyo ilivyo kwetu, bibi ni mke wa mjukuu, na mjukuu akikawia kuja anatukanwa kama mume mlevi. Yeye aliniita mke wangu tangu hajajua kufunga vifungo vya shati. Alipooa nilimwambia bi harusi mbele za watu, karibu mke mwenzangu, kitanda utakipata nikishakufa. Bi harusi alicheka mpaka wanja ukachuruzika.

Sasa udaktari una adhabu yake, nayo ni kuandika. Kila anayeingia lazima aandikwe anaumwa nini, tangu lini, kapewa nini. Wagonjwa walikuwa wanajaa mpaka nje, na mwandiko wake ukawa kama kuku kaparura jalala. Hata yeye mwenyewe akiusoma kesho yake anakunja uso. Ndipo akaniambia kuna mashine za kumsaidia, zinakaa ndani ya simu. Unaiweka simu mezani, wewe na mgonjwa mnaongea, na akili mnemba inasikiliza na kuandika yote.

"Zipo nyingi, bibi. Nimepewa tatu za kujaribu, halafu nichague moja. Nataka mtu anayeongea kama wagonjwa wangu."

"Kwa hiyo mimi panya wako."

"Wewe redio yangu. Huzimiki."

Nikakubali. Nilijivuna hata kwa hilo.

Ya kwanza niliipa jina la Kiziwi. Ilijifunzia Kiswahili huko ilikojifunzia, hiki chetu chenye Kimakonde ndani yake kikaishinda. Iliandika mambo ambayo hata mlevi hasemi, na mtandao ukikatika ilinyamaza kama bwana harusi aliyekosa mahari. Akaifuta. Ya pili nikaiita Kasuku. Hiyo iliandika kila neno, na kikohozi, na mbuzi aliyelia dirishani. Mjukuu wangu alipoisoma alichoka kuliko angeandika mwenyewe. Ya tatu ndiyo Karani. Karani alisikiliza mazungumzo marefu akayafinya, akayapanga chini ya vichwa vya habari, tatizo, historia, maoni, ushauri. Safi kama shuka la hospitali. Nilimwona mjukuu wangu anavyoitazama ile simu. Mke wake hajawahi kutazamwa hivyo.

Siku ya Karani nilienda na goti langu. Goti linauma kweli, sidanganyi.

"Shikamoo, mke wangu. Leo unaumwa nini?"

"Marahaba. Naumwa wewe, mume wangu. Umenitelekeza. Wiki nzima hujaja kulala kwangu, au huyo mke wako mdogo anakukamata miguu?"

Akacheka. Hapo akaingia nesi na kipimo cha presha. Nesi yule ni Myao, mimi Mmakonde, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hana adabu, wala hatakiwi kuwa nayo.

"Eti wewe bado unatembea?" akasema. "Si nilishakuzika wewe? Pilau la msiba wako nimelila mwenyewe, halikuwa na nyama."

"Nilikuwepo," nikamwambia. "Nilikuona unavyolamba sufuria. Nilitaka kuinuka nikuchape, sanda ikanibana."

"Sanda yenyewe niliipunja. Miguu ilibaki nje."

"Ndiyo maana goti linauma. Limepigwa baridi kaburini."

Tukacheka watatu. Nesi akanipima presha, mjukuu wangu akaniminya goti, akanipa dawa, nikaenda zangu nimefurahi. Mtu akikutukana kifo chako vizuri unajisikia umeongezewa miaka.

Karani alikuwa mezani anafinya.

Haya ndiyo aliyoyaandika. Mgonjwa ni mwanamke mzee. Anaamini daktari ni mume wake na kwamba amemtelekeza. Anaamini kuwa alikwisha kufa, akazikwa, na kuhudhuria msiba wake mwenyewe. Anasikia baridi ya kaburi. Anatamani kumpiga muuguzi. Ushauri, apimwe akili, na asiishi peke yake.

Maneno ya nesi hayakuandikwa. Na neno la mjukuu wangu, aliyeniita mke wangu kabla sijafungua mdomo, halikuandikwa pia. Yeye daktari. Daktari hawezi kuwa dalili.

Mjukuu wangu aliposoma alicheka mpaka akashika meza. Nami ningecheka. Lakini akafanya la kijinga, akayatuma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Oneni bibi yenu, aliandika, akaweka na vile vikatuni vinavyolia kwa kucheka.

Binti yangu hakucheka. Muda mrefu alikuwa ananitaka nitoke Mpapura nikae kwake mjini, katika chumba cha uani, na shamba apewe mtu wa kulikodi. Mimi nilikuwa nakataa, na alikuwa hana la kunishikia. Sasa mwanawe mwenyewe kampa kamba.

Wakaniita kwa kikao, nyumbani kwa binti yangu mjini. Nilikwenda nikidhani kuna posa. Nikakuta viti vimepangwa, mjukuu wangu kajikunja kwenye kona, na mwanangu wa kiume, aliye Dar, yumo kwenye simu juu ya stuli, sauti imefunguliwa.

"Mama, hatukugombezi," binti yangu akaanza. "Tunakupenda."

Mtu akianza na tunakupenda, kamata mkoba wako. Mimi sikuukamata.

"Imeandikwa hapa usiishi peke yako."

"Nani kaandika?"

"Mashine ya daktari."

"Mashine imenizaa au mimi nimemzaa aliyemzaa huyo daktari?"

Simu ikaongea. "Mama, mtu anayesema alikuwepo kwenye msiba wake, ni mzima huyo?"

"Wewe mtoto ulizaliwa wapi, mwezini? Hujui mtani?"

"Mtani namjua, mama. Lakini pale si msibani, ni hospitali. Hospitali mtu anasema ukweli."

Nikamwambia binti yangu nilichokuwa nacho rohoni. Nilimwambia nilipomzaa mkunga alisema ni msichana, na mimi nikasema ngojeni tuone, maana kwa ule mdomo nilidhani ni fisi. Nikamwambia anainyemelea nyumba yangu kama inzi anavyonyemelea kidonda, mwenye kidonda bado anakohoa.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitia baridi. Aliwageukia wenzake, akaonyesha kidole kwenye simu yake, akasema kwa upole, "Mnaona? Ndivyo hivyo hivyo alivyoandikwa. Hasira."

Hapo nikaelewa nimekamatwa. Nikisema kitu ni ugonjwa, nikinyamaza ni ugonjwa unakua.

Nikamtazama niliyemsomesha. "Mume wangu, waambie."

Yule daktari alitazama sakafu. "Mashine inakosea, ni kweli," akasema. "Lakini bibi, tukupime tu. Tuondoe shaka."

Lakini. Nimefukia waume wawili na watoto watatu, sijawahi kusikia neno zito kama lile. Huyo alikuwa mezani pale. Alimsikia nesi, alijisikia mwenyewe. Bado mashine iliyofinya maneno yake ikampa shaka juu ya mtu aliyempaka mafuta utosini.

Nilipotoka msalani mkoba wangu ulikuwa mwepesi. Ufunguo wa Mpapura umeshatolewa.

Nikawekwa chumba cha uani. Dirisha lake linaangalia choo cha jirani, namjua jirani kwa kikohozi kabla sijamwona sura. Jikoni nilizuiwa, eti nitaunguza nyumba. Watoto wa nyumba ile waliambiwa wasikubali nikiwatuma dukani. Mmoja, wa miaka sita hivi, alikuja kunichungulia akaniuliza, "Bibi, ni kweli wewe ulishakufa?" Nikamwambia muulize mwenye nyumba, ndiye anayegawa urithi. Binti yangu alisikia. Akatikisa kichwa, akaenda kulisema hilo kwenye simu.

Na ule ulikuwa msimu wa maua. Mikorosho ikitoa maua lazima ipuliziwe salfa, la sivyo inaingiwa na ubwiri unga, ule ugonjwa mweupe kama majivu, maua yanakauka hukohuko juu. Kule Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, wataalamu wanalisema hilo kila mwaka, na mimi nilikuwa nalijua tangu wataalamu wenyewe hawajazaliwa. Ubwiri unga hausubiri kikao. Nilikaa juu ya kitanda cha watu nikiyahesabu maua yangu kwa macho ya kichwani, yanaungua.

Siku ya kupimwa nilivaa kanga mpya. Nilikuwa nimeshaamua. Simu ilikuwa mezani, Karani macho.

"Shikamoo, mke wangu," akasema mjukuu wangu, sauti ya kubembeleza.

"Marahaba, Daktari."

Akanyanyua uso. Nikamtazama katikati ya paji la uso, kama unavyomtazama hakimu.

"Leo ni siku gani, bibi?"

"Jumanne."

"Upo wapi hapa?"

"Mtawanya, kwenye zahanati."

"Mimi ni nani kwako?"

"Mjukuu wangu. Mtoto wa binti yangu."

Akanitajia maneno nikayarudisha. Akanipa kalamu nichore saa. Mimi kalamu niliishika mara ya mwisho nikiwa darasa la pili, duara likatoka kama muhogo. Lakini namba zilikaa, na mishale ikakaa. Kila swali nililijibu kwa maneno machache, makavu, bila chumvi.

Hapo nesi akaingia. Alikuwa amenikosa, ilionekana usoni. Akaanza tangu mlangoni.

"Marehemu! Kaburini kumekuchosha? Au wenzako wamekufukuza kwa kunuka?"

"Sijambo, nesi," nikasema. "Habari za kazi."

Akacheka, akangoja. Utani ni mpira, ukirushiwa unarudisha.

"We mchawi, unanijibu hivyo? Sanda nyingine nimenunua, hii inafika mpaka kisigino."

"Nashukuru, nesi."

Kile kicheko kilimfia mdomoni. Kumnyima mtani jibu ni kumtemea mate, hilo analijua kila mtu aliyezaliwa huku. Lakini hakuchukia. Aliweka trei chini taratibu, akanishika mkono, akamgeukia mjukuu wangu.

"Daktari, huyu bibi anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Sijui. Ila anaumwa sana. Sijawahi kumsikia hivi." Na machozi yakamlenga, mtani wangu yule aliyekwisha kunizika mara mia.

Karani akaandika. Mgonjwa ni mtulivu. Anajitambua, anajua siku na mahali. Anajibu kwa ufasaha. Hana malalamiko. Anaweza kuishi peke yake.

Goti lilikuwa linaniwaka moto muda wote ule. Hakuna aliyeniuliza.

Maneno hayo yalipotumwa kwenye kundi, mwanangu wa Dar aliandika Alhamdulillah. Binti yangu aliuleta ufunguo, akauweka mezani bila kunipa mkononi. "Mimi nilikuwa nakutakia mema, mama," akasema. Nikamwambia ahsante, mama. Nilitamani kumwambia mengine, yalikuwa yamejaa mdomoni kama maji, lakini simu yake ilikuwa mkononi.

Mpapura nilifika nimechelewa. Mikorosho ya upande wa bondeni ilikuwa imeshakuwa myeupe, maua yakiguswa yanamwagika kama unga. Ile ya juu niliiokoa.

Mjukuu wangu alimchagua Karani. Nesi ndiye aliyeniletea habari. Kasuku inamchosha, alisema, na wagonjwa ni wengi. Ameahidi kusoma kila kitu mwenyewe kabla ya kutia sahihi, na amebandika tangazo ukutani kwamba kuna mashine inasikiliza, asiyetaka aseme. Hakuna anayesema. Ila watani sasa wanatukanana huko nje verandani, wakiitwa ndani wanafuta midomo, wanaingia kama mashahidi. Chumba kimekuwa kimya, nesi alisema. Unasikia saa ya ukutani.

Juzi mjukuu wangu alikuja kuniona. Nilimsikia tangu kwenye uzio.

"Hodi! Mke wangu yupo, au kachukuliwa?"

"Karibu, Daktari."

Alisimama na mfuko wake wa sukari. Nikamtolea kiti cha mgeni, kile chenye kitambaa, nikakipangusa. Nikamuuliza habari za nyumbani, habari za kazi, habari za safari. Akajibu zote. Kuku akapita, tukamtazama.

"Bibi," akasema, "hapa hamna mashine. Simu nimeiacha kwenye pikipiki."

"Vizuri."

"Nitukane basi."

"Nikutukane kwa kosa gani?"

"Kidogo tu. Sema nimekutelekeza." Sauti ilikuwa ya yule wa vifungo vya shati. "Mke wangu, nimekutelekeza wiki tatu."

Nilikuwa nalo jibu. Nilikuwa nayo kumi. Nikainuka, goti likalia, nikaenda kabatini kuchukua kikombe cha wageni.

"Daktari," nikamuuliza, "chai yako unaweka sukari kiasi gani?"