Niliposimama Kumtafsiria Mhubiri

Mageti mengi unayoyaona Naguru kule juu, yale yenye maua ya chuma, ni kazi ya mikono yangu. Sisemi ili nisifiwe, nasema kwa sababu ni kweli. Niliingia Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, na kaptula moja na darasa la nne, na leo nina karakana ya mafundi kumi na mmoja, hakuna hata mmoja anayekunja chuma kunizidi. Lugha nazo nimeziokota kama vyuma chakavu: Kiswahili cha kambi ya polisi tulikozaliwa, Kiganda cha mtaani, lugha ya mama kutoka kaskazini, na Kilingala cha kuwauzia Wakongo majiko. Kiingereza pia nilikuwa nasema nakijua. Hapo ndipo nilipojiponza.

Baba alikuwa konstebo, na mshahara wake ulitosha karo ya mtoto mmoja. Akampeleka kaka yangu shule, mimi akanipeleka kwa fundi. Kaka alisoma, akaingia polisi, akapanda vyeo, akaandika ripoti zake kwa Kiingereza mpaka akastaafu. Mimi humwita afande, yeye huniita fundi, na ndani ya majina hayo mawili kuna utani wa miaka arobaini. Kanisani alikuwa hakanyagi tangu tulipomzika baba. Alisema wahubiri hupiga kelele kwa sababu hawana hoja.

Mwaka jana tumbo lake lilianza kuvimba. Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akaitazama, halafu akasema watampasua Jumanne ya wiki inayofuata, na mengine wataona wakishafungua. Kisu chenyewe sikukiogopa sana. Niliogopa kaka yangu afe hajamjua Kristo, na mimi niliyeokoka miaka kumi na mitano nimekaa naye meza moja tukila nyama choma, sijamwambia neno hata moja la maana. Nilimhubiria kila mtu Katwe isipokuwa yeye.

Na najua vizuri mahubiri yanafanya nini. Biblia naisoma kwa kidole, mstari mmoja na jasho. Nisingeokoka kwa kusoma. Kulikuwa na mama mmoja muuza ndizi za kuchoma, kila mchana alisimama mbele ya karakana niliyofanyia kazi akihubiri bila kipaza sauti, na sisi tulikuwa tunawasha mashine ya kusaga chuma makusudi ili tumzime. Siku moja umeme ukakatika. Nikamsikia. Basi, hiyo ndiyo habari yangu yote. Asingesimama pale, Yesu angebaki kwenye kitabu nisichoweza kukifungua.

Ndiyo maana mchungaji wetu alipotangaza kwamba Jumapili anakuja mhubiri kutoka Ulaya, nilimfikiria kaka. Kanisa letu linaabudu kwa Kiswahili, maana limejaa familia za askari na Wakongo. Lakini mwalimu anayetutafsiria Kiingereza alikuwa amekwenda kuzika mkwe wake, na mchungaji alikuwa anahangaika. Nikamwambia aniachie mimi. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nami nikamjibu kwamba nimewauzia wazungu mageti.

Nikaenda kwa kaka kumwambia nitasimama na mzungu madhabahuni. Alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu.

"Wewe? Kiingereza?"

"Njoo basi unicheke, afande."

Akaja. Alikuja kunicheka, huo ndio ukweli, lakini alikuja. Alikaa benchi la tatu, shati limepigwa pasi kama la gwaride.

Kwetu mkalimani hasemi "mhubiri anasema hivi". Unayachukua maneno yanakuwa yako. Yeye akisema nilitenda dhambi, na wewe unasema nilitenda dhambi. Akiinua mkono, unainua. Akilia, tafuta machozi.

Salamu niliziweza. Shukrani kwa mchungaji niliziweza. Halafu yule mgeni akaingia kwenye neno lenyewe, na Kiingereza chake kikaanza kutoka puani, kwa kasi, kama cheche kwenye kulehemu. Nilidaka baba. Nilidaka barabara. Nilidaka maji. Nikasema Mungu ni mwema, watu wakaitika amina. Akasema maneno marefu zaidi, nikasema Mungu ni mwema sana. Nikachukua yule baba, ile barabara na yale maji nikaunga hadithi yangu mwenyewe, ya mtoto aliyetumwa maji akapotea njia. Kuna mahali mgeni alicheka, na watu wangu walikuwa wanafuta machozi.

Nikatazama benchi la tatu. Kaka alikuwa hacheki tena. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akiwatazama watu kituoni wakitoa maelezo ya uongo. Ukumbi mzima, mtu niliyetaka asikie alikuwa yeye, na mtu aliyejua kwamba hakuna kinachosikika alikuwa yeye. Jumanne angeingia kwenye kisu akiwa na ushahidi kwamba wahubiri ni makopo matupu, na ushahidi huo nimempa mimi mdogo wake.

Nikaacha kutafsiri.

"Ndugu zangu, nisameheni," nikasema. "Huyu mgeni simwelewi. Nimewadanganya."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mchungaji alitazama sakafu. Mgeni alikuwa anatabasamu tu, akisubiri nimalize kutafsiri.

Benchi likalia. Kaka alisimama, mkono tumboni, akaja polepole katikati ya watu. Nilijua anaondoka. Hakuondoka. Alifika mbele, akakitoa kipaza sauti mkononi mwangu na kusema kwa sauti ya chini, "Kaa, fundi." Akamwambia mgeni maneno mawili matatu kwa Kiingereza, na mgeni akaanza upya.

Nilikaa pale alipotoka. Kumbe mgeni alikuwa anasimulia ugomvi wake na baba yake. Na kaka, mtu asiyeamini, alitafsiri kama desturi inavyotaka, hakuruka neno. Akasema, "Mimi nilimkasirikia baba yangu. Mimi nilimkimbia Mungu." Mahali fulani mgeni alisema jambo fupi, na kaka hakulitafsiri mara moja. Kisha akasema:

"Naogopa kufa."

Watu waliguna kwa huruma, wakimwonea huruma mzungu. Mimi sikujua nimwonee nani.

Mwishoni mgeni aliwaita wanaotaka kuokoka wapite mbele. Wengi walipita. Kaka alikuwa tayari amesimama hapo mbele, kipaza sauti mkononi, na hakukuwa na njia ya kujua kama na yeye amekuja au yuko kazini. Nilikwenda nyumbani na hofu hiyo, na Jumatatu nzima sikuthubutu kumuuliza.

Jumanne asubuhi nilimkuta wodini amevishwa gauni la kijani, miguu mitupu. Miguu yake bila viatu sikuwa nimeiona tangu utoto wetu. Nikamuuliza kama yale ya kuogopa kufa aliyasema mgeni.

"Hapana," alisema, macho kwenye dari. "Yeye alisema Mungu yuko karibu. Nikaona nikisema hivyo nitakuwa mwongo kama wewe. Nikasema kilichokuwepo."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda chake.

"Fundi, umehubiria Katwe nzima. Kwa nini mimi hujanihubiria hata siku moja?"

"Nilikuogopa. Wewe umesoma."

"Sasa hivi sina hata viatu. Anza."

Nikaanza. Sauti yangu kubwa yote ilikuwa imepotea. Nilimweleza habari za yule mama wa ndizi. Nilimweleza kwamba Yesu mwenyewe, usiku kabla ya kufa, aliogopa mpaka jasho likamtoka, na mtu aliyewahi kuogopa namna hiyo hawezi kumfukuza mwoga. Vijana wawili walikuja na kitanda cha magurudumu. Kaka aliinua kiganja kama anayesimamisha magari, wakasimama.

"Endelea," akaniambia.

Nikaendelea. Akafumba macho, na kwa Kiswahili cha kambini, hakugusa Kiingereza chake, akasema, "Yesu, mimi ni mtu mbaya na ninaogopa. Nishike." Halafu akawaambia vijana, "Haya, twende."

Nilitembea kando ya kitanda, mkono wake baridi ndani ya wangu, nikiwa bado nahubiri. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji muuguzi alinizuia kwa mkono kifuani. Nikaendelea kusema, kwa nguvu zaidi, ili maneno yamfikie yakipita chini ya mlango.