Mayai ya Mbegu Niliyompa Mama Mkwe

Nimekosa. Haya, nimelisema mapema, mtu asije akasema najificha. Kwa sababu yangu mwanamke asiye na hatia aliitwa mwenye jicho baya, kijiji kizima kikisikia. Lakini kabla hamjaokota mawe, nisikizeni kwanza, maana wengi mnanilaumu kwa kosa ambalo si langu.

Mnasema kosa langu ni kuacha kuku wa nyumbani nikafuga wa kisasa. Wapi! Hilo siombi msamaha hata mkinichapa.

Mimi nakaa Dagoretti, huku mjini, na nyuma ya nyumba nina kauwanja kadogo. Asubuhi naenda kufanya usafi kwenye ofisi za Upper Hill, jioni narudi nimechoka. Mtu kama mimi anataka kuku wa kutaga, si kuku wa kubembelezwa. Nilianza na kienyeji halisi kutoka ushago, kule kijijini kwetu. Anataga kidogo, anaatamia. Akimaliza kuatamia, analea. Nyinyi mnakaa tu mkimwangalia kama mgeni wa heshima! Nikauza wote, nikanunua machotara wenye madoadoa. Hao hawana habari ya kuatamia. Mvua inyeshe, jua liwake, asubuhi mayai yako pale. Aliyeniuzia vifaranga aliwaita kienyeji improved, yaani kienyeji walioboreshwa.

Sasa mama mkwe akaja kukaa nasi, akihudhuria kliniki katika hospitali kubwa ya huko karibu na kazini kwangu. Aki alikuwa amekonda, nguo zinamning'inia. Daktari akamwambia ale mayai. Na Mama akaniambia wazi, "Mama Sharon, mayai ya kizungu mimi siwezi. Hiyo ni madawa tupu, haina nguvu. Hizi kuku zako ni gani?"

"Ni kienyeji, Mama," nikasema. Neno la pili nikalimeza.

Mnanihukumu? Hukumuni! Mama alikula. Alikula ya kuchemsha, akala ya kukaanga na nyanya, akarudisha mwili, akaanza kuimba nyimbo za kanisa jikoni mwangu. Kila jirani aliambiwa mayai ya mke wa kijana wake yana nguvu. Na ni yale yale ya kizungu!

Siku moja akasimama uani akiwaangalia wakichakura. "Lakini jogoo yenu iko wapi?"

Wueh! Sikuwa na jogoo. Wa nini, awike alfajiri ploti nzima inichukie? Kuku hutaga bila jogoo, ila yai hilo hata lilaliwe mwaka mzima halitoi kifaranga. Hapo ningesema ukweli, tungecheka yakaisha. Lakini mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Ni wa jirani, Mama. Huwa anaruka ua anakuja kuwatembelea."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Na alipopona, siku ya kurudi ushago, akaomba mayai. Si ya kula. Ya mbegu! Alitaka kuyaatamisha, apate kizazi cha kuku wanaotaga bila kuchoka. Nikayapanga kwenye kikapu na nyasi kavu, kwa mikono yangu hii. Nilijua hakuna kitu humo. Nikamwambia, "Mungu abariki, Mama."

Akayawekea kuku wake anayemwamini kuliko wote. Kuku akalala juu yake, akakonda hapo. Wakati huo Mama Rispa, rafiki ya mama mkwe tangu wote wawili wakiwa maharusi, alipita kusalimia, akachungulia kwenye kiota. "Haiya! Mayai makubwa hivi, huyu kuku ataweza?" Maneno ya mtu anayemfurahia mwenzake, basi.

Mayai yakaoza. Yakaanza kupasuka yenyewe, nyumba nzima ikanuka. Na Mama akakumbuka yale maneno.

Akanipigia simu. "Mama Sharon, nimejua nani ameharibu mbegu yangu. Ni Mama Rispa. Kumbe ana jicho!"

"Pole, Mama," nikasema. Pole! Ukweli ulikuwa hapa kooni, mimi natoa pole.

Nikajidanganya kwamba wazee hugombana wakapatana. Hawakupatana. Maneno yalianzia kwa kina mama wa kanisa, yakatembea. Watu wakaanza kuficha vifaranga wakimwona Mama Rispa anakuja. Halafu kukawa na matanga kijijini, akaenda kusaidia kupika kama siku zote, na wanawake wakamtoa jikoni. Wakampokonya mwiko! Nyinyi mnaotoka kwetu mnajua maana yake. Mwanamke akifukuzwa kwenye sufuria za matanga, amebaki nini?

Mama ndiye aliyenipa habari hiyo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda. Nililia kazini, nimeshika mopu, wenye ofisi wakinipita tu.

Nilimweleza mume wangu, Baba Sharon, yote. Akasema, "Nitaongea na Mama polepole. Haya ni ya nyumba yetu, usituaibishe."

"Ya nyumba yetu? Aliitwa mbaya mbele ya watu. Atasafishwa mbele ya watu!"

Tuligombana vizuri sana. Lakini Jumapili nilikuwa ushago, na ibada ilipoisha nikaomba kina mama wasitoke. Nikasema yote: improved, jogoo wa jirani ambaye hayupo, kikapu. Macho sikuinamisha. Mmoja akaropoka, "Si ungefuga tu kienyeji kama sisi!" Nikamwambia kuku wangu hawana kosa. Hawakudanganya mtu. Wanataga, na ndio waliomponya mama yenu. Kosa ni la huu mdomo.

Mama mkwe alijifunika uso na leso. Baadaye alivuka hadi benchi alilokaa Mama Rispa, akapiga magoti mbele ya rafiki yake, mzee wa watu na magoti yake mabovu. Mama Rispa alimwinua. Alimpa mkono. Kisha akachukua Biblia yake akaenda nyumbani peke yake, na mpaka leo anasali kanisa lingine ng'ambo ya mto. Mama hunisalimia vizuri, lakini nikimpakulia chakula hukitazama kwanza.

Kwa hivyo sikia, dada yangu, na wewe kaka. Fuga kuku unayemtaka! Chagua wa kutaga, usiogope maneno ya mtu. Ila usidhani uongo wa kumfurahisha mtu ni mdogo kwa sababu umeusema kwa upendo. Mimi nilidanganya Dagoretti nikakaa nimeshiba. Aliyelipa ni mama mmoja ushago, ambaye yai langu hata hajawahi kulionja.