Koti la Buluu la Karani

Kioo kidogo cha karani kimeondoka naye, zikabaki alama nne za gundi ubavuni mwa kabati la faili, na dereva wa ofisi bado husimama pale kunyoosha kola mbele ya bati tupu. Karani alikuwa na koti moja la buluu, suruali tatu na mashati manne, lakini kwa alivyovipangua na kuvipanga, kijivu leo, kaki kesho, ofisi nzima iliapa kwamba nguo zake hazina idadi. Koti halikumtoka mwilini hata siku za joto kali.

Siku dereva alipoitwa kusailiwa kazi ya usimamizi wa magari, alifika na suti ya kuazima iliyompwaya mabegani.

“Kaka, hapo suti ndiyo imekuvaa wewe,” karani alimwambia. “Na tai hiyo vua. Unaenda kusailiwa, huendi kuoa.”

Suruali alimwachia. Koti la suti alilitupa kitini, akavua lake na kumvisha. Ndipo dereva alipouona mgongo wa shati la karani, umeshonwashonwa kwa nyuzi za rangi tatu.

“Na wewe utakaaje hivyo?”

“Nitakaa. Nenda, unachelewa.”

Akakaa hivyo hadi saa kumi, akipokea barua mbele ya watu wote. Dereva alipata kazi, ingawa ofisini bado wanamwita dereva. Karani sasa yuko ofisi ya tawi, ghorofa ya pili, dirisha la stakabadhi.