Mama Kimya Akagua Shamba la Bahari

Walimwita Mama Kimya, ingawa nchi kavu mdomo wake haukuwa na kufuli. Jina alilipatia kazini. Alikuwa mpiga mbizi wa kukagua mashamba ya bahari, yale yasiyo na uzio, ambako vifaranga vya samaki hulelewa kwenye matangi kisha huachiliwa kati ya matofali makubwa ya zege yaliyozamishwa chini. Yeye ndiye aliyesema kama bahari ya hapo iko salama au imeelemewa na ufugaji.

Safari hii shamba lilikuwa la mdogo wake. Aliomba atumwe mtu mwingine, akajibiwa hayupo. Akashuka na mwenzake awe shahidi, maana watu hawakawii kusema damu ni nzito kuliko maji. Shamba lisipopita ukaguzi, matofali yangeng'olewa na jasho la kijana yule lingekuwa la bure.

Walipotua chini, samaki waliwajia kwa mamia, wakagonga hadi miwani. Mgeni wa kazi angefurahi na kuanza kuhesabu, na angekosea. Hao walilelewa kwa mkono. Kwao kila kivuli cha mtu ni chakula. Mama Kimya akaketi mchangani, mikono mapajani, akangoja wamchoke. Wakamchoka, wakaenda zao. Mbele yake yakabaki matofali matupu, naye akazidi kungoja.

Ndipo akaona macho kwenye ufa wa tofali. Madogo mno. Kisha mengine, na mengine. Walikuwa samaki wa aina ileile, ila wadogo kuliko wowote waliowahi kuachiliwa, na kando yao kaa, konokono, majani, na samaki wengine ambao hakuna binadamu aliyewaleta. Akanyoosha kidole. Wakatoweka wote kwa mpigo mmoja. Alistaajabu hata akasahau kupumua, na kwa mpiga mbizi huo si mchezo. Alijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi.

Kwenye boti mdogo wake alikuwa amemaliza kucha kwa kuzitafuna. Akauliza kama samaki walimjia wengi.

“Walikuja, lakini hao ni wako,” dada yake alisema. “Waliozaliwa humu hawamjui mtu. Wamenikimbia, mdogo wangu.”

Kijana, aliyetumia miaka kuwazoesha samaki mkono wake, akajifunika uso akalia kwa furaha.