Kiti cha Mwisho cha Lamu

Mtunza kompyuta wa ofisi yetu ya tiketi, katika uwanja wa ndege wa Changamwe, alikuwa na kidole kirefu alichokiinua kila alipotufundisha. "Kutazama, tazameni nyote. Kuandika, mmoja mmoja." Karani alipofungua kiti ili aandike abiria, kompyuta iliwazuia wenzake kukiandika mpaka amalize, kisiuzwe mara mbili. Aliyekiacha wazi akaenda zake aliandikwa jina ubaoni kwa chaki, na siku hiyo hakuonja mahamri ya chai ya saa nne.

Asubuhi moja ya mwaka 1991, Bi Mwanatabu alitaka kiti cha mwisho cha Lamu, awahi arusi ya bintiye. Sote tulikiona kitupu. Hakuna aliyeweza kukiandika.

"Ndege yaondoka, wanangu!" akalia.

"Nani amekishika?" mtunza akanguruma, akimkazia macho karani Justus.

"Si mimi, mzee."

"Mwalimu," karani mwenzetu Mwanasaumu akamwambia taratibu, "hebu tazama kompyuta yako."

Kumbe mtunza mwenyewe ndiye aliyekifungua kiti hicho alipokuwa akitufundisha, akakiacha wazi. Akabonyeza kitufe kimoja kukiachia, na Bi Mwanatabu akapata kiti. Kisha mtunza akatwaa chaki, akaandika jina lake mwenyewe kwa mwandiko mzuri kuliko yote ubaoni, na saa nne akanywa chai tupu, kidole kikiwa mfukoni.