Tangazo la Mwisho kwa Kiboko

Boaz Nchagwa alikuwa na sauti ambayo ingemfaa askofu, lakini Mungu kwa sababu zake akamfanya mtangazaji wa bustani ya michezo ya watoto. Kila Jumapili alipanda kibanda chake cha mbao kilichoinuliwa juu ya nguzo nne, akashika kipaza sauti, na nusu ya Homa Bay ikajua kwamba mtoto mwenye kaptula ya kijani amepotea, kwamba treni inaondoka, na kwamba mzazi aliyemwacha mwanawe kwenye kasri la kuruka tangu asubuhi aje amchukue, maana kasri si shule ya bweni. Akina mama walioanika omena, wale dagaa wa ziwani, kule ufukweni walimsikia vizuri kuliko walivyomsikia mhubiri wao. Ila ukimnyang'anya kile kipaza sauti, Boaz alibaki Mkuria mwembamba wa kutoka upande wa Kehancha, mwenye haya nyingi, asiyeweza kufukuza hata kuku aliyeingia jikoni.

Bustani yenyewe iliitwa Furaha Ziwani, jina ambalo hakuna aliyelitumia isipokuwa wenye mali walioko Nairobi. Watu walisema tu "kwa Kiboko." Katikati ya uwanja palisimama kiboko wa saruji, mkubwa kupita wale wa ziwani, aliyepakwa rangi ya kijivu mpaka mabegani. Hapo rangi ikaisha, na fundi akammalizia kwa buluu iliyobaki baada ya kupaka mlango wa choo. Watoto walimpenda hivyo hivyo.

Sasa, raha yote hiyo ilikuwa na mwiba mmoja kwa Boaz: mama mkwe wake alifanya kazi hapo hapo.

Kwao Boaz, na kwa Wajaluo waliomwoza binti yao pia, mwanamume hamzoei mama aliyemzaa mke wake. Hampi mkono. Hali mbele yake. Hamtazami usoni, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Meneja wa bustani, Suleman Mohamednur, mtu mpole aliyekulia Isiolo, hakuwa na habari ya hayo. Alikuwa akitafuta mtu wa kukaanga viazi, akasikia sifa za Rael wa Rodi Kopany, akamwajiri. Asubuhi ya kwanza Boaz alipomwona mama mzaa chema akiingia langoni na karai lake kichwani, alijitupa nyuma ya Kiboko. Kwa bahati mbaya Kiboko alijengwa akiwa amesimama, na viatu vya mkwe vilionekana vizuri kabisa chini ya tumbo.

Rael aliviangalia vile viatu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye huruma na mdomo kwa kiasi sawa. Hakutaka kumwaibisha kijana, basi akazungumza na yule mnyama.

"Kiboko, ambia orwa mimi nimekuja kufanya kazi, sikuja kuangalia viatu ya watu. Yeye akae huko juu, mimi nikae huku chini. Hakuna mtu atakufa."

Orwa ni mkwe wetu, na ndivyo alivyomwita siku zote. Tangu hapo sheria ikawa hiyo. Boaz akiwa na neno, alitangazia bustani nzima: "Idara ya viazi inaombwa ipunguze chumvi." Rael akiwa na jibu, alimpa Kiboko: "Ambia orwa chumvi ni ile ile, ni ulimi ya watu imeharibika." Miaka miwili walifanya kazi hivyo bila kukosana, na Risper, mke wa Boaz, alipenda kuwaambia wateja wake wa saluni kwamba ndoa yake ndiyo pekee kaunti nzima yenye mshenga wa saruji.

Kisha ikaja korona. Mwezi wa tatu bustani ikafungwa "kwa muda mfupi," kama walivyosema wakubwa wa Nairobi, na huo muda mfupi ukanenepa mpaka mwezi wa saba. Treni ikaota kutu, kasri likakunjwa kama blanketi. Suleman alikuwa amekwenda Nairobi kumwona mkewe Kultum, njia zikafungwa akiwa huko huko, na hata zilipofunguliwa wakubwa wakamng'ang'ania ofisini. Wafanyakazi waliendelea kuja zamu kwa zamu kufagia. Rael, ambaye hawezi kuona udongo umekaa bure, aling'oa maua yaliyomzunguka Kiboko akapanda sukuma wiki.

Siku moja Suleman akapiga simu.

"Boaz, ndugu yangu, hongera. Kuanzia leo wewe ni Mkuu wa Mawasiliano."

Boaz akasimama wima kibandani. Hajawahi kuwa mkuu wa kitu. Alikuwa tayari anatafuta namna ya kumwambia Risper bila kujionyesha, wakati Suleman alipokohoa na kuendelea kwa sauti ya mtu anayemeza dawa.

"Kazi yako ya kwanza... si nzuri. Watu wote wa hapo wanaachishwa. Office imeandika maneno ya kuwaambia. Unamsomea kila mtu, mmoja mmoja, yeye mwenyewe akiwa hapo. Wanasema ndiyo utu. Hakuna kuongeza neno, hakuna kupunguza. Akimaliza kusikiliza, lazima aseme 'nimeelewa.'"

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Usipomaliza, hata yako mimi sitaweza kuitetea. Pole, Boaz."

Saluni ya Risper ilikuwa imefungwa kama bustani. Nyumba yao ilikula kwa sauti ya Boaz, na Boaz alilijua hilo kila alipokaa mezani.

Maneno yakaingia kwenye simu. Yaliandikwa na mtu ambaye hajawahi kumwachisha mtu kazi akiwa amesimama naye juani:

"Mpendwa mwanafamilia wa Furaha. Katika safari yetu ya pamoja, tumefika mahali pazuri pa kupumua. Tunakuachia nafasi ya kugundua upeo mpya. Hatukuagi, bali tunakukumbatia kwa mbali. Utabaki daima katika tabasamu letu."

Alianza na Mosoti, askari wa lango. Alibeba ule ubao wa kupimia watoto, wenye alama nyekundu ya "hujafika hapa hupandi," akaulaza chini kati yao ili wasikaribiane, akavaa barakoa, akasoma. Mosoti alisikiliza kwa heshima kofia ikiwa mkononi.

"Nimeelewa," akasema, macho yakimetameta. "Asante sana. Safari ni lini?"

"Safari gani, mzee?"

"Si umesema kuna safari ya pamoja, na nafasi mpya? Wamekumbuka utumishi wangu."

Boaz akasoma tena, polepole. Mosoti akashukuru tena. Kesho yake asubuhi mzee alikuwa langoni na sanduku, suti ya harusi yake mwilini, akingoja gari la kumpeleka Nairobi. Ilibidi Boaz avunje amri ya ofisi. "Mzee," akanong'ona, "kazi imeisha." Mosoti akakaa juu ya sanduku lake, na Boaz akaona aibu kiasi cha kutaka kuingia ndani ya lile sanduku.

Elvis, dereva wa treni, hakuhitaji kusomewa mara mbili. "Buda, unanifuta job na maneno ya Valentine? Sema tu nimechujwa niende zangu." Lakini alipomwona Boaz anavyotoka jasho, akampigia goti la mzaha na kusema, "Nimeelewa, mpenzi." Ndivyo ilivyoenda na wengine pia, huyu kwa matusi, yule kwa kicheko, mpaka akabaki mtu mmoja.

Usiku ule Boaz alimsihi mkewe. "Risper, mwambie wewe. Ni mama yako."

"Nimwambie mamangu amefutwa, halafu ionekane bwanangu amenituma? Zii. Wewe ndiye mkuu wa mawasiliano. Wasiliana."

Akamsihi Elvis asome kwa niaba yake. Elvis akamkumbusha kwamba yeye si mfanyakazi tena, kwa hiyo hatumwi.

Basi ikafika asubuhi ya kumfukuza mama mzaa chema, jambo ambalo kwao Boaz hata mlevi hajawahi kulithubutu. Rael alikuwa ameinama kwenye sukuma zake, mgongo kwa kibanda. Boaz akapanda ngazi. Aliona njia moja tu, ile ile ya siku zote. Akawasha mitambo, akapuliza, akasikia pumzi yake ikirudi kutoka ziwani.

"Tangazo kwa wageni wote," akasema. Mgeni hakuwako hata mmoja. "Tangazo hili linahusu idara ya viazi."

Rael akainuka polepole, kisu mkononi.

Kipaza sauti kilipowaka, kama kawaida, haya za Boaz zilizimika. Sauti ya askofu ikamtoka. "Mpendwa mwanafamilia wa Furaha..." Alisoma vizuri, akapandisha na kushusha, akajisikia kazi inakwenda. Amri ilikuwa hakuna kuongeza, hakuna kupunguza, na ulimi ulikuwa umeshashika kasi. Ndipo, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mashua, Boaz Nchagwa akautangazia ulimwengu kuhusu mama mkwe wake: "Hatukuagi, bali tunakukumbatia..."

Akasikia alichokisema. Alitaka kukirudisha, lakini kilikuwa kimeshapita juu ya omena.

Kule ufukweni akina mama waliinua vichwa. "Amesema anakumbatia nani?" mmoja akauliza kwa sauti. "Idara ya viazi!" wakajibu wenzake, na kicheko kikapasuka. Rael alikuwa ameshajifunika uso kwa aproni. Boaz alikaa chini ya meza ya kibanda akiwaza njia ya kurudi Kehancha bila kupitia barabarani.

Aproni ilitikisika kwa muda. Boaz, akichungulia kati ya mbao, alidhani analia, lakini Rael alipoifunua, machozi yale yalikuwa ya kucheka.

"Kiboko," akasema akijipangusa, "ambia orwa kukumbatia, hapana. Hiyo arudishie wenyewe. Hiyo ingine yote nimeelewa. Mimi nilielewa tangu ile siku walisema ni muda mfupi."

Boaz akatoka chini ya meza na kupiga simu Nairobi. "Nimemaliza, bosi. Wote wamesema nimeelewa."

Kisha Suleman akasema, "Bado mmoja."

"Nani? Nimehesabu mara..." Na hapo Boaz akafahamu kwamba hakujihesabu yeye mwenyewe.

"Wanataka iwe ana kwa ana," Suleman alisema. "Hapo amebaki nani mwingine? Mpe mama simu. Wallahi nisamehe."

Kumpa mama simu! Mkono kwa mkono! Boaz alishuka, akaiweka simu juu ya mgongo wa buluu wa Kiboko, akarudi nyuma mpaka kibandani akitazama pembeni. Rael akaichukua. "Eeh," akasema. "Eeh. Uuwi. Yeye pia?" Akasikiliza tena, uso ukikunjamana, kisha akairudisha pale pale bila kuizima.

"Kiboko," akaanza, na safari hii hakucheka. "Wamenipa kazi ya kufukuza watu, mimi mpika viazi. Wanataka niseme ile maneno. Siwezi sema. Ni maneno gani inashika mtu kiuno na inamsukuma kwa mlango?" Akaelekeza kisu Nairobi, au mahali alipodhani Nairobi iko. "Kwa hivyo wewe ambia yeye hivi. Kazi imeisha. Watoto hawakuji, pesa hakuna, si makosa yake. Asiende kukaa na aibu kwa nyumba, Risper ni msichana wangu, namjua, hatamsumbua. Shamba ya Rodi iko na mawe na inataka mwanaume. Mimi nitakaa upande huu wa mahindi, yeye akae upande ile. Ambia nyathina aje nyumbani."

Hakusema orwa. Alisema nyathina, mtoto wangu, na Boaz, mtoto wa watu wa Kehancha, alikijua Kidholuo cha kutosha kulielewa neno hilo. Macho yalimwuma.

Simu ikakoroma juu ya Kiboko. "Mama? Amesema nimeelewa?"

"Ngoja," Rael akaijibu kwa ukali. "Bado anameza."

Akakata sukuma mkono mmoja, akazifunga kwa jani, akaziweka kando ya simu, sehemu ya mkwe. Akajitwika karai akaanza kwenda langoni. Boaz alinyoosha mkono kwenye kipaza sauti, kwa mazoea. Kisha akakizima. Akashika ubao wa kibanda, akavuta pumzi, na kwa ile sauti yake nyingine, ndogo, isiyofukuza hata kuku, akasema, "Nimeelewa, mama."

Rael alisimama. Hakugeuka, maana si vizuri kugeuka.

"Kiboko," alisema, akiliweka karai sawa kichwani, "kumbe huyu mtu ako na sauti yake."

Boaz akangoja atoke langoni kwanza, ndipo akashuka kuchukua sukuma zake.